Alisema Anataka Kwenda Kuni

Siku niliyorudisha ufunguo wa kabati la dawa, nilimkabidhi Furaha, muuguzi aliyechukua nafasi yangu. Aliushika kama mtu aliyepewa yai, akaniuliza: "Mama Zaina, ni kitu gani tusisahau?" Wenzake walisogea wakingoja neno kubwa. Nilisema bawaba ya mlango wa kabati inahitaji mafuta. Wakacheka, tukanywa soda, nikaenda nyumbani.

Sasa nina muda, na swali lile halijaniacha. Kwa hiyo ninawaandikia ninyi mnaobaki pale Kasongo, katika jengo la mwisho la hospitali, lile ambalo mgeni hulifikia baada ya kupita chumba cha maiti. Aliyepanga majengo yale hakuwafikiria wagonjwa wetu wenye hofu, au labda aliwafikiria sana. Nitaanza mwanzo, lakini ninaelekea kwa msichana mmoja wa kijiji cha Wamaza, na neno moja alilolisema mbele yetu sote, nasi tukalisikia vibaya.

Nilipopelekwa kwenye jengo lile nilikuwa muuguzi kijana, niliyezoea kushona vidonda na kupima joto. Aliyenipokea ni Muzee Ramazani, mtu mfupi mwenye kofia nyeupe, aliyekuwa amewahudumia wagonjwa wa akili tangu kabla sijazaliwa. Nilitegemea anipe funguo au koti. Alinipa kigoda.

"Kazi yako leo ni kukaa," aliniambia. "Kesho pia."

Nilikaa kando ya mvuvi wa Nyangwe, baba mwenye mikono mikubwa, aliyeletwa na ndugu zake kwa sababu alikuwa haongei tena kwa utaratibu. Muzee Ramazani alimuuliza ameamka vipi.

"Mto unaniita," yule baba alisema. "Kila asubuhi unaniita."

Mimi kichwani nilikuwa nimeshamaliza kazi: huyu anasikia sauti, sindano iko wapi. Muzee Ramazani alisogeza kigoda chake. "Baba, ni kusema nini, mto unakuita?"

"Ni kusema nyavu zangu ziko mu maji tangu wamenileta huku, na shemeji yangu ni mwizi."

Muzee alinigeukia bila kucheka. "Unaona? Ungemupiga sindano sababu ya shemeji yake."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote, na bado sijaimaliza. *Ni kusema nini?* Yaani, maana yake nini? Kila jibu alilopewa, hata lililokuwa wazi kama mchana, aliliuliza tena hivyo hivyo. Mambo mengine aliyonifundisha ni madogo lakini myashike. Ukimpa mgonjwa kidonge, tazama mdomo, usitazame mkono. Baada ya maji, muulize habari za nyumbani, kwa sababu mtu aliyeficha kidonge chini ya ulimi huongea kama mwenye jipu mdomoni. Na usimwamshe mtu kwa kumshika mguu. Miguu ya watu wetu imeshikwa na wengi wasio wazuri.

Muzee Ramazani alifariki akiwa bado anafanya kazi. Kigoda kile ni hicho hicho mnachokiwekea redio. Itoeni redio.

Kwa miaka mingi wagonjwa wetu walikuwa watu wazima. Watoto walipelekwa kwanza kwenye maombi, kwa shehe au kwa mganga, na waliofika kwetu walifika wamechoka. Wazazi wa huku husema kichwa cha mtoto kinapanda na kushuka, na mimi sijapata maneno bora. Kikipanda, mtoto halali, anaongea mpaka sauti inakatika, anagawa nguo za ndugu zake barabarani, anasema atanunua machimbo yote ya dhahabu ya Salamabila. Kikishuka, mtoto yule yule analala akitazama ukuta, hali chakula, haogi, na ukimwita anageuka polepole kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Madaktari wanauita ugonjwa wa bipolari. Ule upande wa kushuka ndio unaoua, kwa sababu hauna kelele. Mtoto anayepiga kelele hupata watu wa kumshika. Anayetazama ukuta huambiwa ana adabu.

Na huo upande wa kushuka ni mgumu kutibu. Ukimpa mtoto wa namna hii dawa ya kawaida ya huzuni peke yake, kichwa kinaweza kuruka juu hadi darini. Ziko dawa zinazoshika pande zote mbili, lakini nyingi zilijaribiwa kwa watu wazima, na mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Mwili wake unaitumia dawa kwa namna yake: mmoja ananenepa haraka, mwingine miguu haitulii, mwingine sukari inapanda. Kwa hiyo lazima mtu ajaribu kwa uangalifu, tena mbele ya watu. Tulikuwa tukijaribu siku zote, jamani, kwa kukata vidonge vya wakubwa na kuomba Mungu. Tofauti ni kwamba tulikuwa hatuandiki.

Ndipo ikaja timu ya utafiti. Kwetu iliongozwa na Dokta Kalenga, kijana wa Kindu, mtu mwema aliyevaa viatu vyeupe katika mji wenye udongo mwekundu. Dawa ilikuwa moja, imeshatumika kwa watu wazima, nasi tulitaka kujua kama inamwinua mtoto aliyeshuka bila kumrusha juu. Nusu ya watoto wangepata dawa yenyewe. Nusu wangepata kidonge kitupu: rangi ile ile, ganda lile lile laini, ndani unga usio na kazi. Nani amepata kipi, mtoto hajui, mzazi hajui, mimi sijui, na daktari hajui. Waliojua walikuwa mbali, na wangesema tu mwishoni au mtoto akiwa hatarini.

Wazazi walikasirika, na walikuwa na haki. Mama mmoja aliniuliza: "Mama Zaina, munataka kumupa mutoto wangu bure iliyofungwa vizuri?"

Niliwaeleza mmoja mmoja taratibu, tena mara nyingi. Huzuni ya ugonjwa huu huweza kuondoka yenyewe, na mtoto anayeulizwa habari zake kila wiki hupata nafuu kwa kuulizwa tu. Bila kile kitupu hatungejua tuishukuru dawa, tuushukuru wakati, au tukishukuru kigoda. Na mtoto akizidi kuumwa anatolewa mara moja, anatibiwa kwa tunachokijua. Baada ya mzazi kukubali, tulimuuliza mtoto mwenyewe peke yake. Msilifanye haraka hilo. Mtoto aliyeugua muda mrefu ameshasahau kwamba "hapana" yake ina uzito.

Maswali yalikuja yameandikwa Kiswahili cha mbali, kizuri sana, kilichopigwa pasi. Shida ilianza siku ya kwanza. Swali moja liliuliza: "Je, unasikia mambo ambayo wengine hawayasikii?" Kila mtoto alijibu ndiyo. Mnajua kwa nini. Sisi huku tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu, tunasikia huruma, na masikio yako mahali pake yamepumzika. Dokta Kalenga alishika kichwa. Karibu afunge utafiti kabla haujaanza, kwa sababu watoto wote wa mkoa wetu wa Maniema walikuwa na sauti. Tukaongeza maneno "kwa masikio", tukaendelea, na tukajisifu kwamba lugha tumeshaimaliza.

Mwayuma aliletwa mwanzoni mwa mvua, na bibi yake mzaa mama, ambaye yeye alimwita koko. Walitoka Wamaza, upande wa Kabambare, juu ya pikipiki moja, watu watatu na kuku mmoja. Mama yake alikuwa ametangulia kutoka Salamabila, ambako aliwapikia wachimba dhahabu. Alisikiliza maelezo, akakubali, akambusu mtoto kichwani akiwa amesimama, akarudi kwenye sufuria zake. Mwayuma alikuwa na umri wa kukaribia kumaliza shule kama angekuwa anasoma. Kichwa chake kilikuwa kimewahi kupanda, tena vibaya, na dawa zetu za zamani zilimtetemesha na kumtapisha mpaka koko akazitupa. Sasa alikuwa ameshuka. Aliketi kwenye kigoda akaacha nafasi upande mmoja, kama anayemsogezea mtu.

Nilimuuliza koko habari za familia. "Mama iko na watoto wangapi?"

"Hawa mapasa tu," alisema. Mapasa ni pacha, kwa wasiojua. "Huyu na Sumaili, mwanaume."

"Sumaili yuko wapi?"

"Ameenda kuni."

Nikaandika: kaka pacha, yupo nyumbani. Kwa nini nisiandike? Watoto wa vijiji vyetu huenda kuni kila siku.

Kulikuwa na swali kuhusu watu waliofariki katika familia. Koko alitikisa kichwa: hakuna, labda wazee. Nilimuuliza Mwayuma lile swali la kusikia kwa masikio.

"Ninamusikia Sumaili," alisema.

Dokta Kalenga aliinua uso. "Kwa masikio?"

"Hapana, Dokta. Kama vile unasikia baridi."

Daktari alinitazama, mimi nikatabasamu, tukapita. Kumkumbuka kaka aliyebaki nyumbani si ugonjwa.

Alianza vidonge, kimoja kila jioni. Siku za kwanza walikaa kwa ndugu yao karibu na hospitali, kisha wakawa wanarudi Wamaza na kuja kwetu kwa siku tulizopanga. Nilimpima uzito, nilimchoma kidole kupima sukari, nilimwambia anyooshe mikono nione kama inatetemeka. Mifuko ya vidonge ilirudi mitupu kama inavyotakiwa. Na alipata nafuu, lakini nafuu ya ajabu. Alipanda kidogo, akasimama hapo hapo kama mtu aliyepanda ngazi nusu akasahau alichofuata. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeamka. Sisemi hivi kwa kupamba. Hata Dokta Kalenga alimmulika tochi akitafuta kama mishipa ya uso ina tatizo.

Kuna jambo nililisikia kila alipokuja, nikalipa maana ya adabu. Nilimuuliza: "Unalala?" Akajibu: "Tunalala." "Unakula?" "Tunakula kidogo." "Dawa unakunywa?" "Tunakunywa, Mama Zaina, kila siku." Nilidhani anamjumuisha koko, kwa heshima.

Kisha ikaja siku ile. Kila alipokuja tulimuuliza kama anatamani kufanya lolote, kwa sababu mtoto aliyeshuka hatamani kitu. Mwezi mzima alikuwa amejibu hapana. Siku ile alifikiri, akatabasamu na ule upande wa uso ulioamka.

"Ninatamani kwenda kuni pamoja na Sumaili."

Dokta Kalenga alifurahi wazi. "Umesikia? Mutoto anataka kazi!" Akampa alama nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Koko, aliyekuwa mlangoni, aliangusha kikapu. Viazi vilibiringika hadi chini ya kitanda, tukaviokota sote tukicheka. Koko hakucheka. Alimshika Mwayuma mkono juu ya kiwiko, akaondoka naye bila kuchukua nauli tuliyowapa wazazi kila walipokuja.

Ndiyo sababu nilimfuata: nauli. Wiki iliyofuata nilipata pikipiki iliyokuwa inaelekea kule, nikasema nitaipeleka mwenyewe na nitaona mtoto anaishije. Dokta Kalenga alisema ni kupoteza petroli kwa mgonjwa anayepona. Nilimwambia petroli si yake.

Tulifika Wamaza mchana, jua kali, watu wengi mashambani. Nyumba ya koko ilikuwa imefagiwa vizuri. Nilikaribishwa ndani. Mikeka miwili ilikuwa imetandikwa sambamba, mashuka mawili yamekunjwa namna moja, sahani mbili za bati zimeoshwa. Mwayuma alikuwa amelala mkeka wa kushoto akitazama ukuta. Alinisalimia bila kugeuka. Mkeka wa kulia ulikuwa na bonde dogo katikati, kama mikeka inayolaliwa inavyokuwa.

"Sumaili hayupo?" niliuliza.

"Ameenda kuni," koko alisema.

"Tangu asubuhi?"

Koko alinitazama kwa muda, kama anayepima kama nina akili ya kutosha. Na hapo, shukrani kwa mtu mfupi mwenye kofia nyeupe, mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Koko, ni kusema nini, ameenda kuni?"

Alinivuta nje, nyuma ya nyumba, mahali penye kilima kidogo cha udongo kilichoota majani. "Huku kwetu pasa hafi," alisema kwa sauti ya chini. "Mutu wa kawaida anakufa, tunalia, tunazika. Pasa, ukisema amekufa, ule mwingine anasikia anaitwa. Basi tunasema ameenda kuni. Ameenda tangu walikuwa wadogo, homa ilimubeba. Tunamungojea tu. Tukipika tunamuwekea. Tukishona nguo tunashona mbili. Mapasa hawanyimani."

Nilisimama pale jua likinichoma mgongo, nikasikia baridi. Mnielewe: nikasikia baridi. Nilikumbuka kikapu kikianguka. Mtoto alikuwa ametuambia, mbele ya daktari na mbele yangu, kwamba anataka kumfuata kaka yake kaburini, nasi tulimpa alama nzuri.

"Na dawa?" niliuliza. Nilikuwa nimeshajua.

Koko hakuficha, kwa sababu hakuona cha kuficha. Alinirudisha ndani, akachukua wembe na kidonge cha jioni ile, akakikata katikati juu ya sahani kwa mkono uliozoea. Nusu moja kwa Mwayuma. Nusu nyingine aliitia katika kikombe cha bati kilichokuwa kichwani pa mkeka wa kulia. Nililamba ncha ya kidole iliyogusa unga. Chungu sana, ule uchungu unaokaa nyuma ya ulimi. Hakuna mwingine katika utafiti wetu aliyewahi kuonja, kwa sababu kila mtoto alimeza kidonge kizima na ganda lake.

"Asubuhi kikombe kinakuwaje?"

"Kinakuwa tupu," koko alisema.

Mlangoni alikuwa amelala kuku, yule yule wa kwenye pikipiki nadhani, mnene, macho nusu yamefungwa, mtulivu kupita desturi ya kuku. Roho yangu ikashuka mahali pake. Haya, nikajiambia, mgonjwa wetu wa pili huyu hapa, ndiye anayemaliza kikombe. Ndipo koko akachukua sahani ndogo ya udongo, akakifunika kile kikombe, na juu ya sahani akaweka jiwe.

Sikuuliza tena. Nilikaa chini kwenye mkeka wa kushoto, karibu na mgongo wa Mwayuma, na nikamuuliza wazi, kama ninavyowataka ninyi muulize kila mara. Swali halimpi mtoto wazo ambalo hana, linampa mlango. "Mwayuma, unataka kumufuata Sumaili?"

Akasema akiutazama ukuta: "Anachoka kubeba peke yake, Mama Zaina."

Siku hiyo hiyo tulirudi Kasongo, koko, yeye na mimi, kwa pikipiki mbili. Tulimpa kitanda mbele ya meza yetu na mtu wa kukaa naye saa zote. Dokta Kalenga alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akakaa. Hakujitetea, na tangu siku ile nilimheshimu. Alipiga simu kwa wale waliojua, akaeleza kwamba mtoto yuko hatarini na hajawahi kunywa kipimo kamili. Walimtoa katika utafiti, wakasema alichokuwa akipewa: dawa yenyewe. Nusu ya dawa ilikuwa imempa nusu ya nafuu. Wakaruhusu aendelee nayo waziwazi, kipimo kamili.

Mngedhani yamekwisha. Lakini mtoto angerudi Wamaza siku moja, kwa koko yule yule na wembe ule ule, na nusu isingetosha kumzuia.

"Lazima tumwambie koko ukweli," Dokta Kalenga alisema. "Sumaili amekufa. Mufu hanywi dawa."

"Mwambie wewe," nilimjibu. "Mimi nitakaa na mtoto kitandani kwake."

Alimwambia, kwa upole wake wote. Koko alifunga kitambaa chake, akakusanya vyombo, akaanza kumwamsha Mwayuma waondoke. "Munamuita mutoto wangu mbele ya mwenzake?" alisema. "Munataka wote wawili?" Nilisimama mlangoni nikamsihi angoje nirudi. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilikimbia katika veranda ya hospitali, wagonjwa wakidhani kuna moto.

Nilikwenda kwenye stoo. Katika sanduku la utafiti kulikuwa na vidonge vya kuonyesha, vilivyoletwa ili kuwafundisha watoto kumeza: vitupu vyote, rangi ile ile, ganda lile lile. Nilichukua kimoja, nikakiweka kwenye kiganja cha koko kando ya kile cha Mwayuma.

Aliviangalia. "Vinafanana."

"Vinafanana kwa macho. Siwezi kukudanganya, koko. Hiki kimoja, cha Sumaili, hakina kitu ndani. Iko tupu."

"Tupu? Kwa nini munamupa Sumaili tupu?"

"Sumaili anaumwa?"

Koko alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, akienda hadi kule aliko mtoto na kurudi. "Hapana," alisema. "Yeye haumwi tena."

"Njo sababu ya kwake iko tupu. Kila mutu anapewa kulingana na ugonjwa wake. Kizima kwa huyu, kizima kwa ule. Hakuna aliyenyimwa, na hakuna wembe."

Alicheka kidogo, akinionyesha jino lake moja la dhahabu. "Mama Zaina, wewe uko mujanja kama mutu wa Kabambare." Akaniomba nisimwambie Mwayuma, mapasa wanapenda sawa kwa sawa. Nilikubali kutosema nikiwa sijaulizwa. Nilimwambia pia kwamba nikiulizwa, nitajibu.

Dokta Kalenga aliwauliza wakubwa kama vidonge vile vitupu vinaweza kutumika. Sijui alielezaje. Ninachojua ni kwamba alirudi na paketi kadhaa, na akaandika mwenyewe juu yake jina la Sumaili.

Mwayuma alibaki kwetu mpaka dawa ikamshika. Kila jioni niliweka vikombe viwili. Alimeza chake mbele yangu, nilitazama mdomo, nilimuuliza habari za nyumbani. Cha pili nilikifunika kwa sahani, nikakiweka upande wa kulia wa kitanda. Asubuhi niliwaachia watu wa zamu wakiondoe. Hawakuwahi kuniambia walichokuta ndani, na mimi niliyemfuata mtu mpaka Wamaza kwa ajili ya swali moja, hilo sikuliuliza.

Siku moja alikuwa ameketi, ameoga, anasuka nywele zake mwenyewe. Uso wake ulikuwa umeamka pande zote. Aliniita.

"Mama Zaina. Sumaili anauliza kitu."

"Anauliza nini?"

"Anauliza kwa nini yake haina chungu."

Kidonge cha Sumaili kilikuwa kizima, na ganda lake, tangu kitoke kwenye paketi. Hakuna aliyekikata. Kitana nilichokuwa nimeshika nilikiweka chini taratibu. Kisha nikatimiza ahadi yangu.

"Mwambie yake iko tupu. Yeye haumwi. Wewe njo unaumwa, na wewe njo unapona."

Mwayuma aliinamisha kichwa upande wa kulia, mikono ikiwa bado kwenye nywele. Alikaa hivyo kwa muda, uso mtulivu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha akaendelea kusuka.

"Anasema sawa," alisema. "Anasema mimi nibaki. Kuni ataleta yeye."

Majibu ya utafiti mzima sikuyaona kwa ukamilifu. Yalikwenda kule yanakokwenda. Mwayuma alirudi Wamaza. Alikuja kuchukua dawa kwa miaka, akanenepa kidogo, tukapunguza, akaanza kuuza chumvi na sabuni, akaolewa. Ugonjwa haukumwacha kabisa, huwa hauachi, lakini alijua kuja mapema kila kichwa kilipoanza kushuka. Koko alifariki, wakasema amefariki.

Wiki baada ya kurudisha ufunguo, asubuhi, nilisikia hodi. Mwayuma alikuwa amesimama uani kwangu, nguo safi, viatu bila vumbi. Miguuni pake kulikuwa na mzigo wa kuni, zimekatwa sawa, zimefungwa kwa kamba ya gome kama wafungavyo kule Wamaza. Mzigo mzito. Kwa pikipiki usingekaa, na kichwani mwake hapakuwa na hata jani.

"Mwanangu, umezibeba namna gani toka kule?"

Alicheka tu.

Basi nikauliza nilichofundishwa kuuliza. "Ni kusema nini, kuni hizi?"

"Ah, Mama Zaina! Ni kuni tu za kupikia," alisema. "Tumekuletea."

Nikawakaribisha ndani. Niliwasha moto kwa zile zile, zikashika upesi, zilikuwa kavu sana. Chai ilipochemka nikatoa vikombe vitatu, na kimoja nikakifunika kwa sahani.